Kesi ya Mama

Fundi aligonga kompyuta kwa kifundo cha kidole mara mbili, sikio kaliinamisha, kama anavyogonga ubao akitaka kujua kama umeliwa kwa ndani. Muuzaji akakatiza maelezo yake.

"Mzee, hiyo haigongwi," alisema kwa adabu.

"Nasikiliza tu."

"Unasikiliza nini, na haijawashwa?"

"Ndani yake mna nini."

Binti yake aligeuza uso akajifanya anasoma bei za chaja ukutani. Nyumbani walimwita Msumari, kwanza kwa wembamba wake, halafu kwa sababu akishazama kwenye jambo hang'oki bila kuondoka na kipande cha ubao. Fundi alimwona alivyogeuka, akaelewa kwamba anamtia aibu, akajaribu kusimama kama watu wanavyosimama madukani. Aliegemea kaunta ya kioo. Shati lake likaacha vumbi la mbao, na muuzaji, bila kupunguza tabasamu, alitoa kitambaa akalifuta. Fundi akaondoa kiwiko.

"Hii imekamilika," muuzaji aliendelea. "Unaitoa kwenye boksi, unachomeka umeme, unaanza kazi. Na ina waranti ya mwaka mzima."

"Waranti," Fundi alirudia, kama mtu aliyetajiwa ukoo wenye sifa njema. "Yaani ikifa?"

"Ikifa ndani ya mwaka, mzee, tunaichukua tunakupa nyingine."

Fundi aliitazama tena kompyuta. Alikuwa mgane tangu mvua zilizopita, na siku hizi maneno ya kawaida kabisa yalikuwa na tabia ya kumkanyaga pale penye kidonda.

"Kadi yake ya picha ikoje?" Msumari aliuliza.

"Inatosha sana kwa kazi za ofisi, dada."

"Mimi sina ofisi."

"Utapata. Usikate tamaa."

"Na nikitaka kuiongezea kitu ndani?"

Muuzaji aliigeuza kompyuta akawaonyesha stika ndogo ya fedha iliyobandikwa juu ya skrubu. "Hii ikichanika tu, waranti imekufa."

Fundi alivaa miwani akainama kuitazama. "Kwa hiyo nimeinunua, iko kwangu, ila mlango wake siruhusiwi kuufungua."

"Ndiyo utaratibu, mzee."

"Kuna watu wameoa hivyo," Fundi alisema, na muuzaji akacheka kweli, si kile kicheko cha biashara. "Tuwekee, kijana. Tutarudi."

Nje jua lilikuwa kali. Walitembea ukingoni mwa barabara, baba mbele, binti nyuma, kama walivyozoea kutembea siku hizi.

"Baba, ile ni kompyuta ya kuandikia barua."

"Barua si kazi?"

"Nataka niunge ya kwangu. Kipande kwa kipande. Najua kila kinachotakiwa."

"Ya kuchezea."

"Ya kuchezea, na ya mambo mengine."

"Pesa ya mama yako," Fundi alisema, na hapo mazungumzo yakafungwa. Maneno hayo manne yalikuwa kufuli la nyumba ile.

Pesa yenyewe ililetwa baada ya msiba na akina mama wa kikundi cha akiba, imefungwa ndani ya leso. "Zamu ilikuwa yake," mweka hazina wao alisema. "Mtu anakufa, zamu haifi. Na alishatuambia, ni ya kompyuta ya mtoto." Basi. Kompyuta ya namna gani, marehemu hakuwaambia wao wala mume wake. Pesa ya namna hiyo huja mara moja. Fundi aliiogopa kuliko alivyowahi kuogopa deni, maana deni unaweza kumwomba mwenyewe akusubiri, lakini zamu ya mwisho ya mkewe, akiiharibu, angekwenda kumwomba nani zamu nyingine?

Na lilikuwepo jambo jingine, ambalo wote wawili walilizunguka kama watu wanavyozunguka shimo la barabarani walilolizoea. Miezi ile mama alipokuwa kitandani, Msumari aliazima kompyuta ya binamu yake. Kila jioni Fundi alirudi kutoka karakana akasikia, kupitia mlangoni, mngurumo wa magari ya mchezo. Mama anaumwa, mtoto anacheza. Alivumilia, akavumilia, siku moja akausukuma mlango. "Mama yako yuko katika hali hii," alisema, "na wewe unaendesha magari ya uongo." Msumari alizima kompyuta bila kujibu. Mama, kwenye mito yake, alifumba macho. Baadaye binamu alisafiri kikazi na kompyuta yake, mama akafariki, na neno mchezo halikutajwa tena.


Karakana ilikuwa banda la mabati lenye meza mbili ndefu. Ukutani kila chombo kilikuwa na kivuli chake kilichochorwa kwa penseli, nyundo na umbo la nyundo, msumeno na umbo la msumeno, na sheria ilikuwa moja: chombo kirudi kilipotoka. Mteja akikuta tindo imewekwa kwenye umbo la koleo, alijua Fundi hayupo.

"Nasikia unanunua ya dukani," alisema Rangi, aliyekuwa akimpakia vanishi, rafiki yake wa tangu ujana na mtani wake wa kila siku.

"Ina waranti."

"Wewe. Wewe uliyemwambia mwenye hoteli kwamba kitanda cha dukani ni kadibodi iliyovaa shuka."

"Kitanda nakijua. Kitu usichokijua unanunua kwa mwenye duka, kikikushinda unamrudishia. Akiunga mwenyewe kikafa, nimrudishie nani? Nimpeleke mwanangu dukani?"

"Na yeye je, anakijua?"

"Anajua kukichezea."

Rangi alitaka kutania zaidi, lakini macho yake yalipita nyuma ya mlango yakakutana na mbao za mvule zilizoegeshwa pale, akarudi kwenye brashi yake.

Mbao zile hakuna aliyeuliza bei yake. Asubuhi ile ya msiba Fundi alizichagua moja moja, akazipima, akaweka penseli sikioni. Kisha mikono ikakataa. Ilikaa juu ya ubao kama mikono ya mtu mwingine, mpaka shemeji zake wakatazamana, mmoja akaenda mjini akarudi na jeneza la dukani, rangi inang'aa, vishikio vya plastiki. Fundi, ambaye nusu ya mtaa ilizikwa ndani ya kazi yake, alitembea nyuma ya sanduku la mtu mwingine, na kishikio kimoja kililegea njiani. Tangu hapo alikuwa anatengeneza vilivyovunjika tu. Miguu ya viti. Bawaba. Kitu kizima, cha kuanza na ubao na kumaliza na kitu, hakuwa amekigusa.

Ndipo dada yake alipoingia, furushi lake la mitumba begani, anahema.

"Kaka, kaa chini."

"Nimekaa."

"Basi simama, maana ukikaa utaanguka vibaya."

"Sema, dada."

"Mwanao ana kesi."

Brashi ya Rangi ilisimama.

"Kesi gani?"

"Mimi nitajuaje kesi gani? Nimepita kwenu nimwachie blauzi, nikamkuta uani anaongea na simu, kanipa mgongo. Nimesikia kwa masikio yangu haya. Anasema, 'Kilichobaki ni kesi. Nikishapata kesi, kwanza namwingiza mama.' Mama yake, kaka. Wifi yangu. Mtu kalala zake anapumzika, anaingizwa kwenye kesi."

"Umesikia vibaya."

"Ngoja. 'Nikishamwingiza mama namfunga vizuri, asitikisike.' Amfunge, kaka. Marehemu. 'Halafu ndiyo nawaweka hao wengine, mmoja mmoja.' Hao wengine ndio sisi ukoo. Mimi nimo, nina uhakika nimo, kwa sababu ya lile sufuria la mama yake nililoazima."

"Lirudishe basi," Rangi alisema.

"Nyamaza wewe."

"Na mimi?" Fundi aliuliza.

Dada alipunguza sauti. "Wewe kakutaja. Anasema, 'Baba hajui. Nikimwambia habari ya kesi atasema pesa ya mama yako.'"

Mpaka hapo Fundi alikuwa hajaamini. Lakini maneno yale manne aliyajua, yalitoka kinywani mwake. Kwa hiyo ni kweli: mtoto amechoka kuomba, sasa anataka kudai. Mahakamani, mbele ya watu, atasimama kusema baba yangu ananizuilia mali ya mama yangu. Alivua aproni, akaitundika msumarini, akairudisha koleo kwenye umbo lake.

"Watoto wa siku hizi," Rangi alisema taratibu, "wanaweza kuishtaki hata mvua. Lakini huyu wako, sidhani."

Fundi alikuwa ameshatoka. Njiani dada yake alisema mengi, ya wakili, ya wazee wa ukoo, na yeye hakusikia hata moja. Alikuwa ameshaamua, na uamuzi ulimwacha mwepesi kama gunia lililomwagwa. Akitaka pesa, apewe. Pesa ya mkewe ikipotea ni hasara. Mtoto akipotea, hiyo haina jina.


Msumari alikuwa mezani anachora kitu kwenye kipande cha boksi. Fundi alipita moja kwa moja chumbani, akarudi na leso, akaiweka mbele yake.

"Chukua."

"Nini, baba?"

"Pesa ya mama yako. Yote. Ununue, uunge, uitupe kisimani, shauri lako. Mimi sitaki kusimama na mwanangu mbele ya kesi."

Msumari alimtazama baba, akamtazama shangazi aliyesimama mlangoni na furushi lake. "Nani kakuambia habari ya kesi?"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli. Ila nilitaka nipate kwanza ya bei nafuu, ndipo nikuambie."

"Kesi ya bei nafuu," Fundi alisema polepole.

"Zipo hata zilizotumika. Nyingi zimepinda."

"Unasikia, kaka?" shangazi alisema. "Zimepinda. Mwenyewe anakiri."

"Na mama yako," Fundi aliuliza, "lazima umwingize?"

"Lazima, baba. Mama ndiye anaingia kwanza, wengine wote wanashikilia kwake. Bila mama hakuna kinachowaka."

Maneno yale yalikaa katikati ya chumba kama mgeni aliyeingia bila kubisha. Msumari naye akayasikia, akaangalia mlango wa chumba alichokuwa akilala mama, akaweka penseli chini.

"Ni ubao, baba," alisema taratibu. "Ni ubao mkubwa, vitu vyote vinachomekwa juu yake. Wanauita ubao mama, sisi kwa mkato tunasema mama. Na kesi ni sanduku lake la nje. Unamwingiza, unamfunga kwa skrubu. Ndicho nilichokuwa naongea na muuza vipuri."

Shangazi alikalia furushi lake. "Na hao wengine?"

"Prosesa inayofikiri, kadi ya picha inayochora kwenye kioo, feni ya kupoza."

"Mimi simo?"

"Humo, shangazi."

"Hata kidogo?" shangazi aliuliza, kama mtu aliyerukwa kwenye mwaliko wa harusi.

Fundi alianza kucheka. Kilikuwa kicheko cha kutisha mwanzoni, kinakwamakwama kama msumeno kwenye ubao mbichi, mpaka kikapata njia. Alicheka akashika meza. Shangazi alisema hakuna cha kuchekesha, alikuwa analinda jina la marehemu, kisha naye akacheka, akaenda jikoni kuchemsha chai akijisemesha kwamba lugha ikiwa hivi watu watafungana kweli.

"Na kinachoitwa baba," Fundi aliuliza akifuta macho, "humo kwenye kompyuta hakimo?"

"Hakimo."

"Nilijua." Alivuta kiti akakaa. "Sasa niambie kweli, mama. Unaitaka ya nini?"

Alikuwa hajamwita mama tangu msiba. Msumari alishika ncha ya leso, akaikunja, akaikunjua.

"Kuna mahali nataka kurudi," alisema. "Ule mchezo wa magari. Siku moja nilikuwa naendesha, mama akasema, geuza kioo nione. Nikageuza. Akauliza, hiyo barabara inakwenda wapi? Nikamwambia sijui, tuifuate. Basi ikawa kila jioni. Akimaliza dawa anasema, Msumari, nitembeze."

"Mama yako?"

"Mashindano alikuwa hayataki. Nikiongeza mwendo ananigombeza. Kwenye taa nyekundu lazima nisimame, na mle ndani, baba, hakuna anayesimama. Nyuma wanatupigia honi, yeye anasema waache, wana haraka ya kwenda wapi."

Fundi aliisikia sauti ya mkewe ndani ya maneno yale, ile ile iliyomgombeza yeye akila kwa haraka.

"Siku ile niliyoingia," alisema.

"Tulikuwa darajani."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Alinikataza. Alisema baba yako atanicheka, mtu mzima napenda magari ya watoto. Na ulipotoka alisema, usimjibu, ana mawazo."

Fundi alitazama mikono yake. Aliona tena mkewe kwenye mito, kafumba macho. Yeye alidhani ni maumivu. Lakini mke huyu miaka yote ya ndoa yao alikuwa akifumba macho hivyo hivyo mbele ya wageni, pale anapozuia kicheko, na mumewe peke yake ndiye aliyekuwa akijua kuisoma ile alama. Siku ile hakuisoma.

"Mara ya mwisho," Msumari alisema, "aliniambia niegeshe juu, ukingoni, ziwa lote linaonekana. Akasema, hapa niache kidogo. Gari bado liko pale, baba. Limehifadhiwa kwa jina langu, nikipata kompyuta yenye nguvu nitalikuta. Ile ya dukani nimeshaiulizia kila mahali. Haiwezi. Itakwama kabla hatujavuka daraja."

Jikoni sufuria lilianza kuimba. Fundi alichukua kile kipande cha boksi, akavaa miwani.

"Hili sanduku," alisema, "lina vipimo gani?"


Mbao za mvule zilitoka nyuma ya mlango. Rangi aliziona zikilazwa mezani, akaenda kuosha brashi ambazo zilikuwa safi. Msumari alileta vipuri kutoka kwa yule muuzaji wake, kimoja kimoja, vimefungwa kama mayai, na pesa ambayo ingekwenda kwenye sanduku la bati akaiongeza kwenye kadi ya picha. Alikaa kwenye benchi la karakana akimwonyesha baba yake: hapa mama, hapa kadi, inaning'inia hivi, hapa panaingia nyaya.

"Ninyi vitu vyenu vizito vinaning'inia kwa skrubu mbili?" Fundi aliuliza. "Nani aliwafundisha?"

"Ndivyo vilivyo."

"Nitaweka kitegemeo."

Alifanya kazi bila redio. Pembe za sanduku alizichonga meno, zikaumana zenyewe. Msumari aliuliza mbona hajapiga hata msumari mmoja.

"Ninao mmoja nyumbani," Fundi alisema. "Unanitosha."

Lilipokamilika alilipiga msasa mpaka likawa laini kama shavu, akaliweka mezani, akarudi nyuma hatua kidogo akisubiri sifa. Mfuniko ulikaa kimya kabisa. Hata karatasi ya kusokotea sigara isingepita.

Msumari alilizunguka. Akapitisha kiganja juu yake. "Baba, ni zuri mno."

"Lakini?"

"Litamuua."

"Litamuua nani?"

"Mama. Humu hapumui. Akiwaka anapata joto, lazima hewa iingie mbele itokee nyuma."

"Maisha yangu yote nimeziba nyufa," Fundi alisema, karibu akasirike. "Mtu akiona mwanga kwenye kazi yangu ananirudishia. Sasa wewe unataka nilitoboe?"

Aligeuka kulitazama ili alitetee. Sanduku la mvule, refu kuliko upana wake, limefungwa sawasawa pande zote, linang'aa. Akaelewa ni nini mikono yake ilikuwa ikitengeneza muda wote ule bila kumuuliza. Alisimama hapo. Rangi, aliyekuwa amefika na kopo la vanishi, alielewa pia, akabaki mlangoni.

Msumari alimsogelea. Alichukua penseli kutoka sikioni mwa baba yake, akachora juu ya ubao duara moja dogo, halafu jingine kando yake.

Fundi aliichomoa keekee kwenye umbo lake ukutani. Tundu la kwanza alilitoboa kwa shida, kama anatoboa kitu chenye uhai. La pili likawa jepesi. Mpaka jua linaelekea kuzama alikuwa ameshatoboa uso mzima wa mbele, matundu yamepangwa kama maua ya pazia, na mgongoni vivyo hivyo, na alipomaliza aliweka mdomo kwenye tundu moja akapuliza. Upande wa pili, vumbi la mbao likaruka.

"Anapumua," alisema.

"Nipake vanishi?" Rangi aliuliza.

"Nje tu. Ndani muache alivyo."


Waliiunga kompyuta nyumbani, kwenye meza ya chakula, mchana wa siku ya mapumziko. Msumari alimshusha mama ndani ya sanduku kwa mikono miwili. Fundi alishika bisibisi.

"Mfunge," Msumari alisema, "ila usimbane."

"Mimi na mama yako tumeishi hivyo," Fundi alijibu. "Nionyeshe skrubu."

Shangazi alikuja na lile sufuria, amelisugua mpaka linang'aa, akaliweka jikoni bila maelezo. Kisha akasimama nyuma yao na kuuliza kila kitu kinaitwaje. Walipomaliza, Msumari alipangusa viganja kwenye sketi, akabonyeza swichi.

Kimya.

Akabonyeza tena. Akachungulia ndani, nyaya zote mahali pake. Leso ilikuwa kando ya meza, tupu, imekunjwa. Hakuna duka la kurudisha, hakuna stika, hakuna mtu wa kulaumu. Fundi alitaka kusema kitu, akaona kila alichonacho kina ncha.

"Tuanze upya," alisema mwisho. "Mimi nikikosea pembe naivunja naianza upya. Haijawahi kuwa aibu."

"Baba, ikiwa nimemuunguza?"

"Basi tumemuunguza wote wawili. Skrubu nimekaza mimi."

"Na hiki ni nini?" shangazi aliuliza kutoka nyuma ya meza. "Hiki kidude hapa mgongoni, kina mstari na duara, kimelalia kwenye duara."

Msumari alifumba macho. "Shangazi. Kilalishe kwenye mstari."

Tak. Msumari akabonyeza swichi. Ndani ya mvule feni zikaamka, kwanza kwa kukohoa, kisha kwa mlio mmoja mpole. Kutoka kwenye matundu ya nyuma hewa vuguvugu ikamgusa shangazi mkononi.

"Nilisema nimo," shangazi alisema, akakaa.

Ilichukua muda kuuweka mchezo, na muda huo chai ilinywewa ikaisha. Mwishowe kioo kikawa cheusi, kikafunguka, na hapo palikuwa na gari dogo la bluu limeegeshwa ukingoni mwa mlima, chini yake ziwa, na upepo unatikisa nyasi. Hakuna mtu. Fundi alivua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Ndipo hapa?"

"Ndipo hapa."

Alitazama kwa muda mrefu. Alitafuta mkewe aliona nini. Maji, mlima, barabara inayoteremka kwa utulivu kama utepe wa fundi cherehani. Mwanamke aliyekuwa hawezi kufika dirishani mwake alikuwa amefika huku, na amekuja na mtoto wao, na hakuwa peke yake. Fundi alisogeza kiti karibu na kiti cha binti yake mpaka miguu ya viti ikagusana.

"Haya," alisema. "Ila polepole."

Waliteremka. Walivuka daraja, na gari halikukwama. Kwenye taa nyekundu Msumari alisimama, na mara magari nyuma yao yakaanza kupiga honi. Alimtazama baba kwa pembe ya jicho.

"Waache," Fundi alisema, na hakuweza kumalizia.

Walitembea mpaka mwanga wa dirishani ukabadilika, shangazi akiwaonyesha nyumba ambazo angezipenda na ambazo asingezichukua hata bure. Kisha Fundi akaweka kiganja mezani.

"Sasa lirudishe lilipotoka," alisema.

Msumari alielewa. Alipanda mlima taratibu, akageuza, akaanza kurudi nyuma kuelekea ukingoni. Fundi aliinama, jicho moja kalifumba, kama anavyopima ubao kama umenyooka.

"Kushoto kidogo," alisema. "Kidogo tena. Hapo."